Ulimbo wa Mkono wa Kushoto

Tarehe tisa mwezi wa tano, siku ya Alhamisi, baada ya alasiri, nilimpoteza mume wangu. Alikufa ameketi kwenye kibaraza cha nyumba yetu hapa Rusimbi, ameegemea ukuta, mkono wake wa kushoto ukiwa bado na ulimbo.

Naanza na ulimbo kwa sababu ndio uliotusumbua kwanza. Maiti ya Mwislamu huoshwa, na maji lazima yafike kwenye ngozi. Chochote kinachoziba, iwe rangi ya kucha au lami, lazima kitolewe. Wanaume walimlaza chumba cha uani, wakazungushia shuka, wakamaliza upande wa kulia. Walipofika kwenye mkono wa kushoto wakakwama. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, akaja mpaka mlango wa ndani tulipokuwa tumekaa wanawake, akaniita pembeni.

"Shemeji, ule ulimbo hautoki. Tumesugua kwa sabuni, lakini umeganda. Yeye alikuwa anautoaje?"

Nikamwambia kwa mafuta ya mise. Chupa ilikuwa kwenye begi lake la mpira, nyuma ya mlango wa chumba chetu. Nilikwenda kuichukua, na nilipoishika nikaona siwezi kumpa mtu mwingine. Nikamwomba shemeji amuulize sheikh kama naweza kuusafisha ule mkono mimi mwenyewe. Jibu likarudi kwamba mke ana ruhusa. Wakatoka, wakaniachia.

Nilianza na kidole gumba. Ulimbo ukipakwa mafuta haukubali mara moja. Unalainika kwanza, unakuwa mweusi, halafu unaanza kuviringika kama ugali uliobaki kwenye vidole. Nilisugua kidole kimoja kimoja, katikati ya vidole, na kwenye mistari ya kiganja. Tulioana tukiwa vijana, na sikumbuki siku nyingine ambayo mkono ule ulikaa kwangu muda wote huo bila kuwa na haraka ya kwenda uwanjani.

Mume wangu alikuwa mchezaji wa mpira wa mikono. Nikisema mchezaji nina maana ya kazi. Ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya, na kwa miaka yote ya nguvu zake hakufanya nyingine. Klabu yake ilikuwa ya kampuni moja ya mizigo hapa mjini. Kwenye karatasi aliandikwa msaidizi wa ghala, lakini ghalani hakuna gunia aliloruhusiwa kuinua. Walitaka alitunze bega.

Watu wengi hapa hawaujui mchezo huo. Ukiwatajia wanadhani unasema netiboli. Mpira wake ni mdogo, unaenea kiganjani. Wanacheza saba kila upande, pamoja na kipa. Mbele ya kila goli umechorwa mstari wa nusu duara, na ndani ya mstari huo hakanyagi mtu isipokuwa kipa. Kwa hiyo anayetaka kufunga huruka kutoka nje ya mstari, anaelea juu ya ile nusu duara, na anauachia mpira kabla miguu haijagusa chini. Mpira ukimteleza mkononi, ameruka bure. Ndiyo sababu wanapaka ulimbo vidoleni. Timu za mbali hununua wa kopo. Klabu yetu ilitumia utomvu wa mfenesi uliochemshwa na mafuta kidogo, ule ule ambao watoto hutegea ndege.

Alikuwa mtu wa swala, na ulimbo ulimsumbua. Udhu haushiki juu ya ulimbo. Akitoka mazoezini alisimama kwenye bomba la msikiti akisugua mkono kwa mafuta yake huku wenzake wameshapanga safu, na mara nyingi imamu alikuwa anatoa salamu yeye bado yuko bombani. Kulikuwa na mzee mmoja muuza tumbaku ambaye hakumwacha kila alipomkuta hapo.

"Wewe unakuja kuswali au kunasa ndege?"

Mume wangu alikuwa anacheka. Alinisimulia mzaha huo mara nyingi kuliko alivyonisimulia mabao yake.

Alizaliwa mashoto. Katika nyumba ya wazee wake, kule Ujiji, hilo halikuwa jambo dogo. Mama yake alimfunga mkono wa kushoto kwa kitambaa wakati wa kula, akiogopa mtoto wake atakuja kumwaibisha mbele ya wageni. Akajifunza kula kwa mkono wa kulia, kuandika kwa kulia, kupokea na kutoa kwa kulia. Mkono wa kushoto ukabaki kama mgeni asiyetakiwa. Halafu mwalimu mmoja wa klabu, ambaye sasa ni marehemu, akamwona anarusha mawe ziwani, akashuka mpaka alipo akamshika ule mkono akaugeuza geuza. Katika mchezo wao, mtu wa mashoto akisimama pembeni kulia analiona goli lote, wakati wengine wanaliona nusu. Mwalimu alimwambia, "Waambie nyumbani waache kuufunga. Huu mkono ni wetu."

Nimelifikiria sana neno hilo. Mtu ambaye tangu amejua kukaa mkekani anaambiwa mkono wake ni aibu, akija mwingine akamwambia ni wetu, anaenda wapi tena? Nadhani hapo ndipo alipofungwa, na hakufunguliwa.

Klabu ilikuwa na seti moja ya jezi za mechi, za bluu, na utaratibu ulikuwa zikae nyumbani kwa nahodha. Yeye alipopewa unahodha, mimi nikapewa gunia. Hakuna aliyeniuliza. Siku moja baada ya mechi aliingia nalo begani, akaliweka uani, akasema, "Hizi zifuliwe kwa mafuta kwanza." Ndipo nilipojifunza. Ukitumia mawese, ulimbo unatoka lakini wekundu unabaki kwenye nguo. Inatakiwa mafuta ya mise, yanayokamuliwa kwenye kokwa ya chikichi, halafu sabuni, halafu kuanika kivulini ili namba zisibanduke. Zikibanduka nilizipeleka kwa fundi mmoja pale sokoni Mwanga, akanishonea upya. Nilifua jasho la wanaume ambao wengine hata sura zao sikuzijua. Niliwajua kwa namba, na kwa jinsi kila mmoja alivyokuwa anajifuta ulimbo. Namba nne alijifuta tumboni. Kipa alijifuta mgongoni, sijui alikuwa anafikaje. Namba saba, ambaye ni wangu, alijifuta ubavuni upande wa kushoto, mahali pale pale kila siku.

Klabu ilikuwa na desturi moja, na desturi hiyo ndiyo habari yenyewe.

Mchezaji akiacha mchezo kwa heshima, alifanyiwa mechi ya kumuaga. Filimbi ya mwisho ikilia, alikwenda kusimama ndani ya nusu duara, pale ambapo maisha yake yote alikuwa amekatazwa kukanyaga. Wenzake walipaka ulimbo viganja vyote viwili, wakapita mmoja mmoja wakimkandika mgongoni, mpaka jezi ikajaa alama za mikono. Halafu kiongozi wa klabu alisema mbele ya watu kwamba jezi hiyo sasa ni ya fulani. Haikurudi kwenye gunia. Haikufuliwa tena. Mwenyewe aliondoka nayo nyumbani, akaitundika ukutani na mikono ya wenzake juu yake.

Niliona hivyo kwa rafiki yake mkubwa, mtu wa Kidahwe, aliyekuwa anasimama katikati ya mabeki wa upande wa pili kama mlango wa chuma. Mtu mnene, mcheshi, akiingia kwangu alinisalimia kwa Kiha, "Mwakeye," salamu ya asubuhi, hata ikiwa jioni, kwa kuwa alijua nitamsahihisha. Siku aliyoagwa alikuja kunionyesha mgongo wake.

"Shemeji, hii leo imekushinda. Usije ukaisogelea na mafuta yako."

Nikamwambia nashukuru nimepunguziwa moja. Akamgeukia mume wangu. "Na wewe watakuaga lini? Utaagwa na wajukuu wako, wakushike na magongo."

Walicheka wote wawili. Usiku ule mume wangu hakula vizuri.

Hakuwa mtu wa kutaka vitu. Sikumsikia akitamani nyumba ya mtu wala pikipiki ya mtu. Alitaka jambo hilo moja tu: asimame ndani ya nusu duara, wenzake wamkandike, na mtu wa klabu aseme jezi namba saba ni yake. Nalisema wazi ili anayesoma asije akadhani kulikuwa na kingine.

Kila msimu ulipokwisha aliulizia, na kila mara alijibiwa asubiri. Mwanzoni walisema bado anahitajika, na ilikuwa kweli, hawakuwa na mashoto mwingine. Baadaye sababu zikabadilika. Viongozi wa kampuni walikuwa watu wa kuletwa, mmoja kutoka Tanga, mwingine Mbeya, mwingine Moshi. Wakifika wanalalamikia joto na umbali, wakizoea samaki wetu wa migebuka wanahamishwa. Kila mmoja alimwahidi kwamba msimu ujao tutakuaga nahodha wetu, na kila mmoja aliondoka na ahadi yake kama alivyoondoka na godoro lake. Anayefuata alianza upya kumuuliza yeye ni nani.

Na jezi muda wote huo ilikuwa chini ya kitanda chetu. Hilo ndilo watu hawaniamini ninapowaeleza. Ilikuwa pale kwenye gunia, tumeilalia. Siku moja uvumilivu ulinishinda.

"Jezi si hii hapa? Itoe uitundike. Nani atakuuliza?"

"Hiyo bado ni ya klabu."

"Na wewe ni wa nani?"

"Mimi pia."

Alijibu bila hasira, kama mtu anayeulizwa saa. Nikaacha.

Walikuja kumtaka wengine. Mwaka mmoja timu yetu ilicheza Tabora, na baada ya hapo mwalimu wa timu kubwa ya Dar es Salaam akapanda treni mpaka huku mwisho wa reli kwa ajili yake. Nilimpikia. Alikula ugali na migebuka, akasifu, akaeleza kwamba huko wana uwanja wa ndani wenye sakafu, wana daktari wa timu, na familia zinapewa pa kukaa. Nilisikiliza nikiwa jikoni, na nakiri kwamba kabla hajamaliza kunawa mikono nilikuwa nimeshapanga moyoni masufuria gani nichukue na yapi nimwachie wifi yangu. Kaka yangu yuko Dar. Nilikuwa sijawahi kulipanda lile treni.

Mgeni alipoondoka mume wangu aliniambia haendi. Nikamuuliza sababu. Akasema yule mtu tangu ameingia mpaka ametoka hakumwita kwa jina, alikuwa anasema tu "mashoto wenu". Akasema hapa angalau wanamjua.

Sikubishana naye. Hasira nilikaa nayo mwenyewe, nikaifulia jezi.

Bega lilianza kumsumbua huko huko Tabora. Alianguka vibaya, akacheza nalo hivyo hivyo msimu ule, na tangu hapo halikupona tena. Hospitali alipelekwa, akaambiwa apumzike, na klabu ikasema atapumzika baada ya mashindano. Kila jioni nilimpashia mafuta ya mise nikamkanda. Ikawa sehemu ya nyumba, kama kuchota maji. Watoto wetu wawili wamekua wakijua kwamba baba akirudi anakandwa bega la kushoto. Majirani walijua. Msikitini walijua. Ukisema bega katika mtaa wetu, mtu anakuuliza nahodha anaendeleaje.

Halafu akaja kiongozi aliyependa mpira wa miguu. Sitamsema vibaya, hakumtukana mtu wala hakuvunja kitu. Mpira wa mikono haukufungwa kwa tangazo. Siku moja walikwenda mazoezini wakaambiwa mipira iko ofisini, wakaenda ofisini wakaambiwa mwenye ufunguo hayupo, na mwenye ufunguo hakuwepo tena. Baada ya muda wachezaji wakapangiwa kazi kamili za kampuni. Mume wangu akapelekwa ghalani kweli, kubeba magunia kwa bega lile walilokuwa wakilitunza. Alikuwa anatoka asubuhi na kurudi jioni kama watu wengine wote. Ajabu ni kwamba hakulalamika. Alisema klabu ikisimama tena wanataka wamkute yuko pale pale.

Jezi hakuna aliyekuja kuziulizia. Nilidhani sasa nitapumzika. Lakini kila masika yalipokaribia aliniambia, "Zile nguo zitaota ukungu." Basi nikazitoa, nikazifua, nikazianika. Nilifua jezi safi. Nilizifua kwa sabuni peke yake, kwa kuwa hazikuwa na ulimbo wa kutoa, na nilizianika kwenye kamba watu wakipita wakiuliza kama kuna mechi.

Mpira alikuwa nao mmoja, mkuukuu, aliokuwa akiuficha kutoka siku za nyuma. Ulimbo alichemsha mwenyewe. Jioni akitoka ghalani alipitia uwanjani. Uwanja wenyewe ulikuwa chini kabisa, karibu na maji, na ziwa lilipopanda miaka hii lilikula nyumba za watu, likala njia, likala na nusu ya uwanja. Goli la upande wa ziwa likawa limesimama majini mpaka kiunoni, na matete yakaota ndani yake. Goli la upande wa mji likabaki. Alikuwa anatupa mpira kwenye goli hilo, peke yake, kutoka pembeni kulia. Nilikwenda kumtazama mara moja tu. Aliruka. Hakufika mbali, alikuwa mtu mzima mwenye kazi ya magunia, na alitua mpira ukiwa bado mkononi, ndani ya mstari ambao ulikuwa haupo tena, umefutika, lakini yeye alijua ulipokuwa, kwa maana aliutazama akatikisa kichwa kama aliyefanya kosa. Nikageuka nikarudi nyumbani kabla hajaniona.

Alhamisi ile alirudi mapema kuliko kawaida. Mkono ulikuwa na ulimbo. Hilo halikuwa kawaida yake, maana alikuwa anautoa kabla ya kufika nyumbani. Alikaa kibarazani akasema bega linauma.

"Lile lile?" nikamuuliza.

"Lile lile. Leo limezama ndani zaidi."

Nikapasha mafuta. Nikamkanda kama siku zote, juu ya bega na kushuka mkononi. Shemeji alipita njiani, akamtania kwamba nahodha sasa anacheza na ziwa, na ziwa linamfunga. Mume wangu akatabasamu. Akaomba maji ya kunywa. Nilipotoka na kikombe alikuwa ameegemea ukuta vile vile, na nikajua kabla sijamgusa.

Jirani yetu mmoja, muuguzi, alitueleza baada ya mazishi kwamba moyo ukishikwa, mara nyingi maumivu hutokea bega la kushoto na kushuka mkono wa kushoto. Mtu mwingine yeyote katika mtaa huu angesema bega la kushoto linamuuma ghafla, pengine wangemkimbiza hospitali. Kwa mume wangu halikuwa la ghafla. Lilikuwa linauma tangu Tabora. Yeye hakushtuka, ndugu yake hakushtuka, mimi sikushtuka. Tulilizoea bega kwa ajili ya klabu, na moyo ukapita humo humo.

Tulimzika asubuhi ya Ijumaa. Shemeji alipiga simu ofisini kwa kampuni jioni ile ile ya kifo, akaeleza kwamba nahodha wa klabu amefariki. Aliyepokea alisema poleni sana, ataufikisha ujumbe. Walikuja wenzake wa ghalani, na wachezaji wa zamani waliosikia, wakapokezana jeneza wakiwa na nguo zao za kawaida. Mtu wa klabu kwa maana ya klabu hakuja.

Rafiki yake wa Kidahwe alichelewa. Habari ilimfikia asubuhi, akafika tukiwa tumeshazika. Alikaa kwenye mkeka wa wanaume mpaka watu walipopungua, halafu akaja kwenye mlango wa ndani. Safari hii hakusema mwakeye. Alikuwa analia kama mtoto, bila kujificha.

"Shemeji, namba saba si unayo?"

Nikamwambia iko kwenye gunia.

"Itoe. Tuko hapa watu watano tuliocheza naye. Ulimbo upo kwenye begi lake. Tumkandike sisi wenyewe, iwe imekwisha."

Ningeweza kukubali. Lilikuwa jambo jema, na limetoka kwa mtu aliyempenda. Lakini nilisikia sauti ya mwenyewe kama ningekuwa nimemuuliza, na sikuweza kumfanyia akiwa kaburini kitu alichokikataa akiwa hai.

"Bado ni ya klabu," nikamwambia.

"Klabu gani, shemeji?"

Akafuta uso kwa kofia yake, akaenda kukaa.

Nikaingia eda. Kwa wasiojua, mjane wa Kiislamu hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hatoki bila dharura, hajipambi. Nilikuwa na muda mwingi wa kuwaza, na nilichowaza ni kwamba siku moja watakuja. Si kwa ajili yangu. Kampuni haisahau mali yake moja kwa moja, siku moja mtu atakumbuka kwamba kuna jezi mahali fulani. Nikaamua wakija nitawaomba wakabidhi ile moja. Sikutaka mechi wala hotuba. Nilitaka mtu wa klabu asimame mlangoni kwetu aseme jezi namba saba ni ya nahodha, halafu nimwite yule wa Kidahwe aje na wenzake wamalizie. Nilizifua zote. Namba saba niliishika muda mrefu juani, nikitafuta ile alama ya ubavuni upande wa kushoto. Haikuwepo. Nilikuwa nimeifua vizuri mno miaka yote.

Walikuja eda ikiwa inakaribia kwisha, asubuhi, kwa bodaboda. Walikuwa katibu mpya wa klabu, kijana aliyehamishiwa kutoka mikoa ya kusini, na dereva wake. Mimi nilikuwa ndani, nyuma ya pazia, shemeji akawapokea kibarazani. Kijana alikuwa na adabu. Alimwamkia shemeji shikamoo, akatoa pole ya msiba, akasema ameambiwa ofisini kwamba kwenye nyumba hii kuna jezi za kampuni. Kuna bonanza la wafanyakazi Jumamosi, idara kwa idara, mpira wa miguu, na idara moja haina jezi.

Shemeji akaingia, nikamsogezea gunia. Nikatoa namba saba nikaiweka juu ya mkono wake, imekunjwa, nikamwambia cha kusema. Nikasogea pazia nisikie.

Alisema vizuri. Alisema mjane anawarudishia jezi zote, na anaomba hii moja klabu imkabidhi marehemu, kwa kuwa alikuwa nahodha wao na aliwachezea wao peke yao maisha yake yote, na ndiyo desturi.

Nilimwona kijana kwenye upenyo wa pazia akiikunjua ile jezi, akiitazama mbele na nyuma kama anayetafuta alipochanika.

"Kwani klabu ilikuwa na mpira wa mikono?" akauliza.

Hakuuliza kwa kejeli. Alikuwa hajui. Shemeji akamwambia ndiyo, ilikuwa nao.

"Basi hamna shida, mzee. Mwambie mama achukue tu. Hata akitaka na nyingine achague, hizi zimeshachakaa, huku mwisho wa siku watu wanadekia."

Akamrudishia shemeji ile jezi. Alinyoosha mkono kwa heshima, mkono wa kulia, na wa kushoto umeshika kiwiko, kama alivyofundishwa kwao.

Shemeji akaingia nayo. Alinitazama, na nadhani alitegemea nitafurahi, maana nilichoomba nimekipata. Niliipokea. Ilikuwa bado na joto la jua la kibarazani. Mume wangu angeweza kuachiwa jezi hiyo siku yoyote, lakini alichokingoja si kuachiwa, ni kukabidhiwa. Nikaikunja upya, mikono ndani, namba juu, kama nilivyokuwa nazikunja zote.

"Irudishe kwenye gunia," nikamwambia shemeji.

"Una hakika?"

"Irudishe."

Akairudisha. Kijana akafunga mdomo wa gunia kwa kamba, akaaga, akasema Mungu awatie nguvu. Wakaliweka gunia katikati yao kwenye bodaboda. Ilikataa kuwaka mara ya kwanza, dereva akaikanyaga tena ikawaka, wakapanda barabara kuelekea Mwanga.